Bima ya afya na ushuru Kenya: ulipe mwenyewe, alipe mwajiri, au uweke ya uzeeni?

Kwetu bima ya afya hulipwa kwa njia nne. Mimi nimeajiriwa Mombasa, na ninajilipia pamoja na mke wangu na watoto wawili. Dada yangu pia ameajiriwa, ila yake hulipwa na kampuni. Binamu yetu ana duka la vipuri vya magari Kisauni, anajilipia. Bima ya mama tunachanga mimi na kaka yetu aliye Doha. Shilingi ni zile zile, lakini ukija kwenye ushuru kila mmoja ana hesabu yake. Mimi narudishiwa kidogo, dada hakatwi kabisa, na hao wengine hawapati hata senti.

Nilizikalia hesabu hizi kwa sababu mwaka huu mwajiri wangu ametupa nafasi ya kuchagua: tuongezwe mshahara, au pesa hizo hizo zitulipie bima ya kampuni. Wengi ofisini walikimbilia nyongeza. "Bima nitanunua mwenyewe, na KRA watanirudishia," ndivyo tulivyoambiana kuhusu KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Nasema tuliambiana kwa sababu nami nilikuwa nimeshatia sahihi kichwani, mpaka nilipochukua kalamu.

Ukijilipia mwenyewe

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato humpa mkaazi wa Kenya nafuu ya asilimia 15 ya ada ya bima aliyolipa, mradi nafuu hiyo isizidi shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Bima ya afya imo humo, pamoja na ya maisha na ya elimu.

Hilo neno nafuu linawapotosha wengi. Nafuu hutolewa kwenye ushuru wenyewe, baada ya kupigwa, sawasawa na ile nafuu ya kibinafsi ya 2,400 ambayo kila mwajiriwa huiona kwenye hati yake ya mshahara. Haigusi mshahara unaotozwa. Kwa hiyo bosi anayekatwa asilimia 35 na karani anayekatwa 25, wakilipa ada sawa, hurudishiwa sawa.

Ada yetu sisi ni 96,000 kwa mwaka, sawa na 8,000 kwa mwezi. Asilimia 15 yake ni 1,200 kwa mwezi, na kwa mwaka 14,400. Si haba, lakini ione ilivyo: katika kila shilingi 100 niliyoitoa mfukoni, 85 zimeondoka. Mawakala wa bima hupenda kuitaja ile 60,000 kana kwamba ni zawadi inayomngoja kila mteja. Ili uifikie, ada zako za mwaka ziwe 400,000. Nyumba ngapi zinalipa hivyo?

Kikomo hicho ni kimoja kwa bima zako zote. Ukiwa na ya afya na ya elimu, zote mbili hula kutoka sahani moja. Bima ya elimu nayo ina masharti yake: iwe ya kukomaa kwa muda usiopungua miaka 10, na ukiivunja kabla ya wakati, nafuu uliyokwisha kupewa hukatwa kwenye pesa unazorudishiwa na kampuni ya bima, ikapelekwa KRA. Bima ya afya haina mtego huo. Umelipa mwaka huu, umepata nafuu ya mwaka huu, mwakani ukihamia kwingine hakuna anayekufuata. Kwa hiyo mtu akikuuzia bima ya elimu akitanguliza nafuu ya ushuru, mwambie hiyo hiyo unaipata kwenye bima ya afya bila kujifunga miaka 10.

Mke na mume wote wakiwa na mishahara, kila mmoja ana kikomo chake cha 60,000. Nafuu humfuata aliyelipa. Kwa familia nyingi hili halibadilishi kitu, ila msikosee mkaandikisha bima kwa jina la yule asiyekatwa ushuru. Nafuu hupunguza ushuru uliopo. KRA haikupi pesa juu ya ushuru ambao hukulipa. Aliye na pato linalotozwa la 24,000 kwa mwezi, ushuru wake ni asilimia 10, yaani 2,400, na nafuu ya kibinafsi inaumaliza wote. Ya bima haina pa kushika.

Akilipa mwajiri

Dada yangu haombi nafuu yoyote, wala hana haja nayo. Mwajiri anapomlipia mfanyakazi wake wa kudumu ada ya bima ya afya, sheria haiihesabu kama sehemu ya mshahara wake. Pesa hiyo haiingii kwenye PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Hapa ndipo kalamu iliponikamata.

Chukua mshahara wangu, ambao kwa hesabu hii tuuweke 120,000 kwa mwezi. Mwajiri ana 8,000 za kunipa. Akizitia kwenye mshahara, SHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, inachukua asilimia 2.75, yaani 220. Makato ya nyumba, yale ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, ni asilimia 1.5, yaani 120. Hizo mbili hutolewa kabla ya ushuru kupigwa, zikabaki 7,660, na kwa kuwa niko kwenye daraja la asilimia 30, PAYE inaondoka na 2,298. NSSF, mchango wa hifadhi ya jamii, haiongezeki kwa sababu kwa mshahara huo nimeshapita kikomo chake. Kinachofika mkononi ni 5,362.

Sasa niende nikanunue bima ya 8,000. Nimepungukiwa na 2,638, itabidi nizitoe kwenye mshahara wangu wa kawaida. KRA wananipa nafuu ya 1,200. Bado nimepoteza 1,438 kila mwezi, 17,256 kwa mwaka, na bima ni ile ile. Akinilipia mwajiri moja kwa moja, sitoi kitu. Naye anaokoa 120 za upande wake wa makato ya nyumba.

Kwa kifupi, ukilipia 8,000 kwa mwezi kwenye daraja la asilimia 30, mambo huwa hivi:

| Njia | Unachookoa kwa mwezi | Matibabu ya sasa? |
|---|---|---|
| Unajilipia bima | 1,200 | Ndiyo |
| Mwajiri analipa badala ya nyongeza | 2,638 | Ndiyo |
| Mfuko wa matibabu baada ya kustaafu | 2,400 | La |

Huwezi kula huku na huku. Ada aliyolipa mwajiri na haikutozwa ushuru kwako haina nafuu ya asilimia 15. Nafuu huja tu ikiwa umelipa wewe, au mwajiri amelipa na kiasi hicho kikaongezwa kwenye pato lako linalotozwa. Nimeona watu wakichukua cheti cha bima ya kampuni na kukijaza kwenye ritani zao, zile fomu za ushuru za kila mwaka. Hiyo ni kujitafutia barua ya KRA.

Je, kuna sababu ya kukataa bima ya kampuni? Zipo. Ya kwanza, siku ukiacha kazi, bima inabaki pale. Mwenye ugonjwa wa muda mrefu, kisukari au presha, akianza bima mpya nje huenda akawekewa miezi ya kungoja kabla ya maradhi hayo kulipiwa. Ya pili, bima ya pamoja haichagui: hospitali unayoipenda huenda haimo, na kiwango cha kujifungua au cha meno kikawa kidogo. Dada yangu hulalamikia miwani kila mwaka. Lakini bima nyingi za makampuni huwapokea watu na maradhi yao yaliyopo kwa masharti mepesi kuliko ukijipeleka peke yako, na hilo kwa nyumba yenye mgonjwa lina thamani kuliko hesabu zote nilizopiga hapo juu.

Kwa jirani zetu wa Tanzania, msichukue hesabu hii mkaenda nayo TRA, mamlaka ya kodi ya huko. Huko hakuna nafuu ya asilimia 15 kwa anayejilipia bima. Sheria yao ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaondoa kwenye kodi malipo ya matibabu au ya bima ya matibabu yanayofanywa na mwajiri, kwa mfanyakazi, mwenza wake na watoto wasiozidi wanne, alimradi wafanyakazi wote wanapewa kwa masharti sawa. Kwa maneno mengine, huko njia ya mwajiri ndiyo njia.

Mfuko wa matibabu baada ya kustaafu

Huu haujulikani sana, na jina lake halisaidii. Ni akiba unayoweka kwenye mpango uliosajiliwa, mara nyingi pamoja na pensheni yako, ili ikulipie matibabu au bima ukishastaafu.

Mwaka 2023 ulipewa nafuu kama ya bima: asilimia 15, kikomo 60,000 kwa mwaka. Kisha Sheria ya Marekebisho ya Ushuru ya 2024, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, ikaifuta nafuu hiyo na kuweka kitu bora zaidi: mchango wako hadi 15,000 kwa mwezi hutolewa kwenye pato kabla ya ushuru kupigwa. Tofauti ni kubwa. Aliye kwenye daraja la asilimia 30 akiweka 15,000, ushuru wake unapungua kwa 4,500. Akizilipa 15,000 hizo hizo kama ada ya bima, nafuu ni 2,250. Nusu kamili.

Kikomo hicho cha 15,000 kiko mbali na kile cha pensheni, ambacho sheria hiyo hiyo ilikipandisha kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Mmoja hauli nafasi ya mwingine.

Lakini mtoto akishikwa na homa ya mapafu mwezi ujao, mfuko huu hautamlaza. Ndiyo maana siulinganishi na bima kana kwamba ni vitu vya aina moja. Nauweka hapa kwa ajili ya mtu aliyevuka miaka 45, ambaye bima yake ya sasa inalipwa na kampuni na ana pesa kidogo za kusogeza. Ada za bima hupanda na umri, na kampuni nyingi zinasita kumpokea mteja mpya aliyevuka miaka 60 au 65. Mtu huyo angefanya vyema kuweka 5,000 kwenye mfuko huu kuliko kuongeza bima ya pili ambayo haihitaji, ati kwa sababu ina nafuu. Kijana wa miaka 28 asiye na bima yoyote, huu si wakati wake.

Na SHIF?

Hii huna la kuchagua, ila inaingia kwenye mazungumzo kila mara, kwa sababu watu bado wana kumbukumbu ya NHIF, mfuko wa afya uliotangulia SHIF. Tangu Januari 2022, michango ya NHIF ilikuwa na nafuu ya asilimia 15. NHIF ilipotoa nafasi kwa SHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na sheria ya Desemba ikafuata, mchango wa SHIF ukawa wa kutolewa kabla ya ushuru.

Kwa mshahara wa 120,000, NHIF ilikuwa 1,700, nafuu 255. Ukabaki na mzigo wa 1,445. SHIF ni 3,300, ushuru unapungua kwa 990; mzigo 2,310. Kwenye ushuru umetendewa vizuri zaidi, lakini mfuko wako umeumia zaidi.

La kushika hapa ni moja: usiiandike SHIF kwenye sehemu ya nafuu ya bima unapojaza ritani. Imeshatolewa juu, kwenye hesabu ya mwajiri. Na kuwa na bima ya kibinafsi hakukuondolei SHIF, hata ukiwa na ya bei kubwa kiasi gani.

Wasiopata kitu

Binamu yangu wa Kisauni alinipigia simu Mei akitaka nimsaidie kudai nafuu ya bima yake. Nilimuuliza analipa ushuru gani. Ushuru wa mauzo, asilimia 3. Basi, mazungumzo yakaisha. Ule ushuru hupigwa kwenye mauzo yote, hauna gharama za kutoa wala nafuu za kudai, na ukishalipwa umekwisha. Ndivyo ulivyo pia ushuru wa kodi ya nyumba wa asilimia 7.5 kwa wenye nyumba za kupangisha. Sheria inamruhusu mwenye biashara kuomba kutoka kwenye ushuru wa mauzo na kuingia kwenye utaratibu wa kawaida, ambako angetoa gharama zake na kudai nafuu ya bima. Lakini huko atahitaji vitabu vya hesabu vilivyonyooka. Kufanya hivyo kwa ajili ya nafuu ya elfu chache za bima, simshauri. Kama faida yake ni nyembamba kulinganisha na mauzo, hapo ni habari nyingine, na amwone mhasibu.

Hili la mama ndilo lililoniuma. Nafuu ya kifungu cha 31 ni ya bima yako mwenyewe, ya mwenzi wako au ya mtoto wako. Mzazi hayumo. Unaweza kumlipia mama 150,000 kwa mwaka, nyingi kuliko unazojilipia mwenyewe, na fomu haina hata kisanduku cha kumtaja. Kaka yetu wa Doha amekosa mara mbili: anamlipia mzazi, na tena si mkaazi kwa sheria ya ushuru. Katika nchi ambayo watoto ndio pensheni ya wazazi, sheria hii imeandikwa kwa ajili ya familia ya watu wengine.

Vivyo hivyo na zile kadi za hospitali zinazokupa punguzo ukilipa ada ya mwaka. Hizo si bima. Fomu inataka PIN (nambari ya ushuru) ya kampuni ya bima na nambari ya mkataba. Kadi ya punguzo haina hivyo.

Kudai: kupitia HR au kupitia ritani

Ukiamua kujilipia, bado una njia mbili za kuipata ile asilimia 15, na hazilingani.

Njia nzuri ni kupitia mwajiri. Unaichukua cheti cha bima kutoka kwa kampuni, unawapelekea watu wa HR (idara ya wafanyakazi), nao wanaitoa nafuu kila mwezi kwenye PAYE. Mwisho wa mwaka inaonekana kwenye P9 yako, hati ya mwaka ya mshahara na ushuru. Zamani waajiri wengi walikuwa wakikwambia "utadai mwenyewe kwenye ritani." Tangu tarehe 1 Julai 2025, Sheria ya Fedha ya 2025 inamtaka mwajiri atoe nafuu na makato yote unayostahili anapokokotoa PAYE. Ukijibiwa vile tena, una la kusema.

Njia ya pili ni ritani ya iTax, tovuti ya KRA, kati ya Januari na tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Mwaka wangu wa kwanza nilikosa nafuu yote kwa sababu ya swali moja. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa fomu unaulizwa kama una bima. Jibu lililowekwa tayari lilikuwa la, nikalipita. Usipoweka ndiyo, ule ukurasa wa kukokotoa nafuu ya bima haukufungukii. Ukifunguka, unajaza PIN ya kampuni, aina ya bima, nambari ya mkataba, mwenye bima, tarehe ya kuanza na kuisha, na ada ya mwaka.

Hiyo ada andika iliyo kwenye cheti, usiandike ya kwenye ujumbe wa M-Pesa. Unapolipa bima, ndani yake mna vitozo vidogo na stempu ya shilingi 40, ambavyo si ada. Kama ulikopa kulipia bima kidogo kidogo, riba ya mkopo pia si ada. Na cheti kiombe Januari. Kampuni niliyokuwa nayo ilinizungusha mpaka wiki ya mwisho ya Juni, tarehe ambazo iTax yenyewe huwa imelemewa, nikajaza ritani usiku wa manane.

Ukidai kupitia ritani, ushuru uliokatwa zaidi unaonekana kama salio lako. Halikujii lenyewe. Unaliombea marejesho kwenye iTax, ukiwa na miaka 5 tangu ulipe, na KRA hukagua kabla ya kulipa. Ndiyo maana nasema shilingi 1,200 za kila mwezi kupitia HR ni tamu kuliko 14,400 zinazongojwa.

Nilivyochagua

Niliandika barua HR kubadilisha uamuzi wangu: nyongeza isiingie kwenye mshahara, iingie kwenye bima ya kampuni. Kabla ya hapo niliomba orodha ya hospitali na kuhakikisha ile tunayompeleka mtoto mwenye pumu imo, na kwamba pumu yake inapokewa tangu siku ya kwanza. Kama isingekuwamo, ningebaki na bima yangu na kuimeza ile hasara ya 17,256. Bima yetu ya zamani inaisha Novemba, siihuishi. Sehemu ya pesa zitakazobaki, 3,000 kwa mwezi, nimeomba zikatwe kwenda kwenye mfuko wa matibabu ya uzeeni, maana mwakani nagonga miaka 47.

Wenzangu wawili wamebaki na nyongeza. Mmoja ana mume ambaye kampuni yake inawalipia nyumba nzima, kwa hiyo kwake nyongeza ndiyo sawa. Mwingine ameniambia hapendi mwajiri ajue anatibiwa nini, na hilo sikuwa na hesabu ya kulijibu.

Ya mama tunaendelea kuchanga, mimi na kaka, kila robo mwaka.